Maua Niliyoyafukia kwa Samadi

Maua ya mke wangu niliyaua mimi mwenyewe. Sisingizii mvua, sisingizii wadudu. Niliyaua kwa samadi ya ng'ombe wangu, iliyolala miezi sita ikaiva ikawa nyeusi na kupoteza harufu, ile ambayo hapa Nyakakika watu huja kuniomba wamevua kofia. Yalikuwa mashina kumi na mawili. Niliyashusha kutoka upenuni alikoyaning'iniza, nikayapanda ardhini kama mkulima anavyopanda, na kabla ya miezi miwili kwisha yote yalikuwa yameoza.

Mtu atasema mzee huyu amekosa la kuandika, analilia maua. Asome kwanza. Mke wangu haoni. Ugonjwa wa sukari umemla macho kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula mlango, unauona umesimama kumbe ndani hamna kitu. Siku binti yetu alipokuja kumchukua akakae naye Songambele, kule Kyerwa, karibu na zahanati, kidonda chake cha mguu kioshwe, mama huyu alinishika mkono wa shati gari likiwa linangoja.

"Mzee, mimi sasa naona vivuli tu. Kuanzia leo macho yangu ni wewe. Nikikuuliza jambo usinipambie. Niambie ulichokiona, basi."

"Sawa, mama."

"Na maua yangu uyanyunyizie asubuhi tu. Jioni yawe yamekauka. Usiyashikeshike, na usiyape chakula chako."

"Chakula changu kipi?"

"Hicho unachonukia."

Binti alicheka, dereva akacheka, hata mimi nilicheka. Wakaondoka.

Sasa lazima nirudi nyuma, maana asiyejua tulikotoka hataelewa kwa nini mtu aliyekatazwa kushika alishika.

Wazazi wangu walivuka mto wa mpakani kuja nchi hii nikiwa mgongoni. Shule niliishia darasa la tatu, mwalimu akasema nirudi nikipata kaptula, sikupata. Nilipooa tulikuwa vibarua Ihanda, kwa mzee mmoja mwenye kibanja kikubwa cha migomba na mibuni ya zamani. Alitupa mahali pa kujenga kibanda pembeni ya kibanja chake, karibu na kijito. Hakuwa mtu mbaya. Ujira alitoa, ndizi alitoa, na mtoto wetu wa kwanza alipougua alinipa baiskeli yake nimpeleke hospitali. Lakini alikuwa na sharti moja, na sharti hilo halikuwa lake peke yake, ni la huku kwetu kote. Mgeni uliyekaribishwa kwenye ardhi ya mtu unapanda kinachovunwa kikaisha. Maharage, mahindi, karanga, viazi. Mgomba hupandi. Mbuni hupandi. Mti wowote hupandi, hata ule mulamula wa kuweka mpakani. Kwa sababu kinachodumu kinadai. Ukimwacha mtu apande mgomba leo, kesho kutwa watoto wake watasimama mbele ya baraza la kijiji waseme mgomba huu aliupanda baba yetu.

Mimi nilielewa. Mke wangu sijui hakuelewa au alielewa akataka kujaribu. Alipanda waridi nyuma ya kibanda, kijiti kimoja alichopewa na mama mmoja kanisani. Kilipochipua yule mzee alikuja na panga. Hakugomba. Alichimbua taratibu, akamkabidhi mkononi na mizizi yake.

"Mama," akamwambia, "hapa usipande kitu kitakachokuona ukizeeka."

Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Alisimama na kijiti chake, udongo unamdondokea miguuni, na mimi nilikuwepo pale pale. Ningesema nini, na kibanda ni chake, na kesho kuna kazi? Lakini maneno yale hayakunitoka miaka yote tuliyobaki pale.

Mwaka uleule tulikuwa tunapogolea mibuni. Mibuni ya zamani ya huku ni mirefu, unapanda kwa ngazi, na magome yake yana ndevu za kijani. Kwenye panda za matawi huota kitu chenye majani manene, mizizi yake inaning'inia hewani kama minyoo myeupe. Tuliyaita magugu ya juu. Kazi ya kibarua ilikuwa kuyakwangua na kuyatupa. Mke wangu akawa anayaokota kwenye takataka. Hakuyaweka chini. Alitafuta kipande cha tawi la mbuni chenye gome lake, akalilaza ua juu yake, akalifunga kwa utepe wa kanga iliyochakaa, akalining'iniza upenuni kwa kamba ya mgomba.

Mzee akaja. Akatazama. Akazunguka kibanda, akainama kuangalia kama kuna mzizi uliogusa udongo wake. Hakuna. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hayo pandeni hata mia! Hayo hayana madai."

Ndivyo mke wangu alivyoanza kilimo chake kisicho na udongo. Hakuna aliyemfundisha. Aliyoyaweka kwenye kopo lisilotobolewa yalioza, akajua hayataki kukaa na maji. Mengine aliyaweka kwenye kikapu kibovu, chini vipande vya mkaa, juu maganda makavu ya kahawa, yakakubali. Aliyaning'iniza upande wa jua la asubuhi, jua la mchana liyapite. Maji aliyotumia yalikuwa ya mvua, au yale aliyooshea maharage. Na aligundua kwamba mzizi wenye kiu ni mweupe kama chokaa, ukiunyunyizia unageuka kijani huku unautazama.

"Njoo uone, unakunywa!" alikuwa akiniita.

Sikwenda kuona. Nilikuwa natafuta ardhi.

Ardhi nilipata. Nilifyatua matofali ya watu, nilisukuma mikungu ya ndizi kwa baiskeli kwenye milima ambayo kijana wa leo anaipanda kwa pikipiki na bado anahema. Nikanunua rweya huku Nyakakika, ardhi ya nyasi na changarawe, ambayo wenyewe waliniuzia huku wanatazamana na kucheka. Wacheke. Udongo niliutengeneza. Nasema niliutengeneza, maana sikuukuta. Samadi, majivu, majani ya migomba, mwaka baada ya mwaka. Leo ukichomeka mkono kwenye kibanja changu unazama mpaka kiwiko. Mtu akiniuliza nimesoma mpaka wapi, namwambia chomeka mkono.

Siku tulipohama Ihanda, mtoto wa yule mzee alisimama njiani, kijana niliyemzidi miaka kumi, hata shikamoo hajawahi kunipa, akasema mbele ya watu, "Haya, kimelea kimepata mti mwingine." Kimelea. Kile kinachokaa juu ya mti wa mwenzake na kuunyonya. Nilimjibu mbele ya watu hao hao kwamba siku nitakayokanyaga tena pale nitakuwa nimekuja kununua. Mke wangu alipita katikati yetu, maua yake ameyabeba kichwani kwenye ungo, hakumtazama yeye wala mimi.

Nyumba ya bati ilipokamilika akagongomelea misumari upenuni, akayaning'iniza vilevile.

"Mama, shusha hayo," nilimwambia. "Sasa una ardhi. Panda popote. Panda hata mlangoni."

"Yamezoea."

"Yamezoea nini, umaskini?"

"Yamezoea hewa, mzee. Wewe nenda kwenye migomba yako."

Ikawa ndiyo hivyo miaka thelathini. Wageni waliyasifu, hasa jioni yanapoanza kunukia, yale meupe. Na mimi kila mgeni alipoinua macho kuyatazama niliona aibu. Wao waliona maua. Mimi niliona kibanda cha Ihanda kinaning'inia kwenye nyumba yangu.

Basi siku ya nne tangu aende Songambele nilichukua jembe.

Nia yangu ilikuwa njema, na nia njema ndiyo inayonikera zaidi. Nilitaka akirudi nimshike mkono nimpeleke mbele ya nyumba, apapase bustani yake, iliyo ndani ya ardhi yake, kitu kitakachomwona akizeeka. Nilichimba tuta. Nikatia madebe mawili ya samadi, nikachanganya vizuri. Kisha nikayashusha maua moja moja, nikakata zile tepe za kanga kwa kisu. Mizizi ilikuwa imeng'ang'ania magome, nikaibandua, ikawa inakatika na mlio mdogo kama uzi wa nguo. Nikaifukia yote, nikakandamiza kwa kisigino, nikatandaza nyasi, nikamwaga ndoo mbili za maji. Asubuhi na jioni, ndoo mbili.

Wiki ya kwanza yalisimama. Wiki ya pili yalisimama. Jirani alipopita nilimwita aje aone. Wiki ya tatu jani moja likawa njano. Nikasema hii ni njaa, nimelima miaka hamsini, njaa ya mmea naijua. Nikaongeza samadi.

Kila Jumapili baada ya ibada binti alinipigia simu, akampa mama yake.

"Mzee, hujambo?"

"Sijambo. Mguu unasemaje?"

"Mguu upo. Maua yangu hayajambo?"

"Hayajambo."

Mara ya kwanza haukuwa uongo, yalikuwa mazima, ila sikusema yako wapi. Mara ya pili vilevile. Jumapili ya tano nilikuwa nimesimama juu ya tuta lenyewe na simu sikioni. Asubuhi ile nilikuwa nimevuta shina moja likaja mkononi bila ubishi, mizizi imekuwa kama tambi zilizolala kwenye mchuzi, harufu imenibaki vidoleni. Nikasema hayajambo.

"Na lile la karibu na mlango? Limetoa maua?"

Sijui shetani gani alinishika ulimi. "Limetoa."

"Mangapi?"

"Manne."

Nilisikia kuku wa binti yangu kwenye simu.

"Mwaka huu limewahi," akasema, kisha akampa binti simu yake.

Mtu akikuuliza idadi nawe ukaitaja, umeshajenga nyumba. Lazima ukae ndani yake.

Wiki ile alikuja afisa ugani wa kata, binti wa umri wa wajukuu wangu, kuangalia kama kibanja changu kimepata mnyauko wa migomba. Hakikupata. Nilimpeleka mbele ya nyumba, nikamwonyesha tuta. Alichuchumaa.

"Babu, hapa umefanya nini?"

"Nimepanda maua ya bibi."

"Haya ni okidi, babu. Haya hayalimwi. Mzizi wake unavuta hewa na unyevu. Wewe umeuzika ukiwa hai."

"Sasa kama hayali udongo yanakula nini? Si yanaunyonya mti?"

"Hayanyonyi. Yanaukalia tu. Yanakula mvua, vumbi, majani yanayooza kwenye panda za matawi. Mti haupungukiwi kitu."

"Kwa hiyo si vimelea."

"Si vimelea hata kidogo. Nani alikwambia?"

Nilimpa mkungu wa ndizi aondoke.

Jumapili iliyofuata binti alisema mama anarudi Jumamosi. Nikafukua tuta lote kwa mikono, nikitafuta hata mzizi mmoja mgumu. Hamna. Nikaenda kuangalia mibuni yangu. Mibuni yangu ni mifupi, ya mbegu mpya, nimeisugua magome mpaka inang'aa, hakuna gugu lililothubutu. Ya majirani ni vilevile, mimi ndiye niliyewafundisha. Mahali pekee nilipojua kuna mibuni ya zamani yenye ndevu palikuwa pale nilipoapa.

Nilivaa koti, nikapanda bodaboda mpaka Ihanda.

Yule mzee alishakufa zamani. Mwanawe nilimkuta kwenye njia ileile, naye sasa ana mvi, amesimamia vibarua na mashoka. Nyuma yake palikuwa peupe. Mibuni yote ya zamani ilikuwa imelala chini, na moshi unatoka kwenye marundo ya matawi.

"Karibu," akasema. Shikamoo, hamna. Akanitazama koti, akatazama viatu. "Umekuja kununua?"

Kumbe neno langu lilikuwa limetunzwa pale kuliko hata mibuni.

"Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini? Sauti imekuwa ndogo, mzee."

"Magugu ya juu. Yale ya kwenye mibuni."

Vibarua waliacha mashoka. Yeye alishika kiuno akacheka, baba yake mtupu. "Magugu! Umetoka Nyakakika na koti kuja kuomba magugu? Basi umechelewa. Tumechoma jana. Ungekuja juzi ungebeba gunia."

Nilitazama moshi. Nikageuka kurudi kwenye pikipiki.

"Ni nani huyo asiyekuja kunisalimia?" Sauti ilitoka barazani. Alikuwa mama yake, mjane wa yule mzee, amekaa kwenye mkeka, amekauka kama ganda la maharage.

"Ni yule kibarua wa baba, mama. Wa kule kijitoni."

"Mume wa mama wa maua? Mlete aketi."

Nikaenda, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye nyumba. Nikaketi. Akasukuma mbele yangu kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo huku kwetu mgeni wa heshima hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Nimekaa pale miaka kumi na tisa sijawahi kupewa. Kibarua hupewa ndizi. Nilichukua mbili, nikatafuna taratibu.

"Mkeo mwaka huu hakuja," akasema.

"Hakuja wapi, mama?"

"Hapa. Si huja kila mwaka kahawa ikishavunwa? Mwaka jana alipapasa ukuta mpaka hapa nilipo. Nikamwambia, waitu, mwenzangu, macho hayo yatakuacha njiani. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Kila mwaka kahawa ikishavunwa aliniambia ana mkutano wa akina mama wa kanisa, wa siku nzima. Nami nilikuwa nampa nauli.

Bibi aliinua fimbo akaonyesha juu. Upenuni kwake yalining'inia maua matatu, kwenye vipande vya mbuni, yamefungwa kwa tepe za kanga. Utepe wa la mwisho niliujua. Ilikuwa kanga ya bluu niliyomnunulia kwa kahawa yangu ya kwanza kabisa kule Nyakakika.

"Tunabadilishana," akasema. "Mwaka mmoja yangu yalikufa, akanirudishia. Mwaka mwingine yake yakafa, nikampa. Sasa hatujui tena lipi la nani."

"Yake yamekufa yote," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Niliyaua mimi. Niliyapanda kwenye samadi."

Mwanawe alipiga kofi. "Samadi! Mama, katia samadi!"

"Nyamaza wewe, uliyechoma mama zao." Akanigeukia. "Chukua hilo la mwisho. Utepe usiufungue. Yeye haoni, ungeweza kumwambia ni lile lake la siku zote."

"Ningeweza."

"Usimwambie hivyo."

Ngazi aliileta mwanawe, akapanda mwenyewe, akalishusha, akanikabidhi kwa mikono miwili. Shikamoo bado hakutoa. Lakini ngazi aliipanda yeye.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimeliweka kwenye msumari wa karibu na mlango. Mingine kumi na mmoja ilikuwa mitupu. Mke wangu alishuka kwenye gari, akanisalimu, akauliza ng'ombe, na kabla hajaketi mkono wake ukaenda juu. Akagusa msumari. Akagusa wa pili. Alikwenda hivyo upenu mzima, kidole kwenye msumari, kidole kwenye msumari, na binti nyuma yake na begi, na mimi nimesimama kama mtu anayesubiri daktari atoke. Mlangoni akakutana na jani. Akapapasa mizizi, akashuka mpaka kwenye utepe, akalitafuta fundo.

"Hili nilimpa bibi wa Ihanda."

"Ndiyo."

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukaketi?"

"Niliketi. Alinipa kahawa."

Nilitaka kumwambia, na wewe ulinidanganya, miaka thelathini ya mikutano ya akina mama. Neno lilifika kooni. Nikalimeza, na mpaka leo sijui kama ni kwa busara au kwa woga.

"Mengine yako wapi?"

Nilimshika mkono nikampeleka kwenye tuta, kama nilivyokuwa nimepanga tangu mwanzo. Alipiga magoti kwa shida. Akachomeka mkono, ukazama mpaka kiwiko. Akautoa, akanusa.

"Udongo mzuri," akasema.

Akausawazisha udongo kwa kiganja.

"Manne. Uliniambia manne."

"Nilikwambia."

"Nilimhadithia muuguzi wa zahanati. Nikamwambia nyumbani limetoa manne, mzee wangu ameyahesabu." Akajipangusa mkono kwenye kitenge. "Siku nikifa nizike kawaida. Usinitie samadi."

Binti alicheka, akajiziba mdomo, akaona mama yake hacheki, akaacha.

Tangu siku hiyo hajanitupia neno baya. Tunakula, tunasali, ananiuliza habari za migomba. Lakini nikimwambia chai haina sukari, anachovya kidole. Nikimsomea kipimo chake cha sukari, anasema sawa, halafu jirani akipita anamwita amsomee tena. Nikimwambia wingu linakuja kutoka magharibi, ananyoosha mkono nje ya dirisha na kungoja tone. Hafanyi kwa hasira. Anafanya kama mtu anayeweka mguu kwenye daraja bovu. Na mimi, ambaye watu wa Nyakakika huniita nikawe shahidi wa mipaka yao, naketi hapo nikimtazama anahakikisha.

Ua nalinyunyizia asubuhi kwa chupa niliyoitoboa kifuniko. Jioni linakuwa limekauka. Silishikishiki. Ule mzizi mweupe kweli hugeuka kijani ukiutazama, huanzia pale tone lilipoangukia, ukapanda. Nimeuona nikiwa na miaka sabini na zaidi. Jani moja limenyauka na kuanguka, na kwa wiki tatu nilijua linakufa. Nilimwambia hivyo: mama, linakufa. Alisema amelishika, anajua.

Leo asubuhi niliona kitu chini ya jani lililobaki, ncha ya kijani inayong'aa, inatoka kwenye shina. Nilirudi mara mbili kuitazama kabla sijafungua kinywa.

"Mama, limetoa mzizi."

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Mingapi?"

"Mmoja. Mdogo, kama punje ya mchele. Unaweza ukakauka."

Akaweka ungo chini. Akainuka kwa kushika mlango, akanyoosha mkono juu. Nilitaka kumwongoza kidole, kisije kikauvunja. Akauondoa mkono wangu taratibu, kama unavyoondoa mkono wa mtoto kwenye sufuria, akaanza kutafuta mwenyewe. Nikasimama pembeni yake, nikangoja.